Sunburst, Nyarugusu na Gitaa Lisilo na Kibali

Kila mwaka, tunapofikia mada ya dola na utamaduni katika somo ninalofundisha, huwapigia wanafunzi wimbo mmoja bila kuwaambia ni wa nani. Gitaa la umeme huingia kwa mkwaruzo, ngoma hufuata kwa kishindo, kisha sauti ya mwanamume huimba kwa Kiswahili, si kwa upole wa muziki wetu wa dansi bali kama mtu anayedai haki yake. Huwauliza: hawa ni watu wa wapi? Husema Nigeria, husema Ghana, wenye masikio mapana husema Zambia. Hata Kiswahili chenyewe hakiwasaidii. Hudhani ni Wakenya. Sijapata bado mwanafunzi aliyejibu Dar es Salaam.

Bendi hiyo ni Sunburst. Ilizaliwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na wapigaji kutoka Tanzania, Zaire na Jamaika. Kiongozi wake, Hembi Flory Kongo, alikuwa mpiga gitaa kutoka Zaire. Mwimbaji wake aliyejulikana zaidi aliitwa James Mpungo. Kama ilivyo desturi ya bendi zetu kuupa mtindo wao jina, wao waliuita wao Kitoto, na ndani yake mlikuwa na roki, soul na fanki zilizochanganywa na midundo ya hapa kwetu. Walirekodi Redio Tanzania, wakatoa santuri ndogo chache, wakaelekea Zambia, na huko mwaka 1976 wakarekodi santuri ndefu moja, Ave Africa. Baada ya hapo bendi ikasambaratika. Historia yenyewe ni fupi hivyo. Mwaka 2013 lebo ya Strut ya London ilikusanya rekodi zao za kati ya 1973 na 1976 na kuzitoa upya, na ndipo wengi wetu, mimi nikiwemo, tulipozisikia kwa mara ya kwanza: muziki uliotungwa Dar es Salaam ukitufikia kwa njia ya Ulaya, miongo mitatu na ushei baadaye.

Ni rahisi kusema kwamba roki haikuwa yetu, ndiyo maana haikushika. Maelezo hayo siyakubali. Desemba 1962, alipolitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Rais Nyerere alilalamika kwamba wengi wetu tulikuwa tumejifunza kucheza rumba, chachacha, roki na twisti, lakini ni wachache waliozijua ngoma kama gombe sugu na lelemama. Lilikuwa swali la haki kabisa, na mpaka leo linatuhusu. Tatizo ni kwamba swali lilipofika mitaani liligeuka amri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Sunburst, basi, ilianza katika mji ambamo nusu ya malighafi yake ilikuwa imetajwa kwa ubaya na mamlaka muda mfupi tu kabla.

Wakati huohuo dola haikuwa adui wa muziki. Kinyume chake, ilikuwa mwajiri wake mkubwa. NUTA Jazz ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi tangu 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, Polisi walikuwa nayo, Jeshi la Kujenga Taifa vilevile, na baadaye Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Mpigaji wa bendi hizo alikuwa mtumishi mwenye mshahara, na vyombo vilinunuliwa na shirika. Mfumo huo umetupa baadhi ya muziki bora kabisa uliopata kupigwa Afrika Mashariki, na anayeubeza hajausikiliza. Lakini ulikuwa na sharti lake lisiloandikwa: ili upige, uwe wa mtu. Bendi isiyo na mwajiri ilitegemea mwenye baa au mwenye hoteli, na gitaa la umeme, vipaza sauti na hata nyuzi vilihitaji fedha za kigeni ambazo mtu binafsi hakuzipata kirahisi. Sunburst haikuwa ya kiwanda wala ya jeshi. Ilikuwa bendi huru katika nchi huru, na uhuru wa pili haukuwa na fungu lolote kwa ajili ya uhuru wa kwanza.

Ndiyo maana safari ya Zambia inaeleweka. Huko, katika miji ya shaba, vijana walikuwa wameijenga roki yao wenyewe. WITCH na Amanaz yalikuwa majina ya nyumbani, na kulikuwa na watu waliokuwa tayari kulipia studio na kuchapa santuri za muziki huo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kazi zetu zilichapwa Nairobi, na Februari 1977 mpaka wa Kenya ulipofungwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, hata njia hiyo ikawa ngumu. Mwaka 1976, mwaka wa Ave Africa, ndio pia mwaka ambao reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi. Sisemi kwamba wapigaji wale walipanda treni hiyo. Nasema tu kwamba kipindi kile mtu wa Zaire, Mtanzania na Mjamaika waliweza kuwaza kuunda bendi Dar es Salaam na kwenda kurekodi Lusaka, na wazo hilo halikuonekana la kichaa.

Jambo moja ni lazima liongezwe, vinginevyo nitawafanya mashahidi watu ambao hawakuuawa na mtu. Redio Tanzania, chombo cha dola, iliwafungulia Sunburst studio na kuwarekodi. Dola hiyohiyo iliyokunja uso mbele ya suruali za kubana iliweka maikrofoni mbele ya gitaa lao. Mtu mmoja ofisini, fundi mitambo au mtayarishaji wa vipindi, aliamua kwamba hawa nao ni wa kurekodiwa. Sehemu ya kile ambacho London ilikiuza mwaka 2013 ilikuwepo kwa sababu ya uamuzi huo mdogo wa mtumishi wa umma. Nawaomba wasomaji wangu walio maofisini waushike uamuzi huo akilini, kwa maana nitauhitaji huko mbele.

Mimi ni mtu wa Kasulu, na ninapowafundisha vijana habari za miaka hiyo siwezi kuacha kujiuliza sisi tulikuwa wapi Sunburst ilipokuwa ikikwaruza magitaa Pwani. Jibu ni kwamba tulikuwa tukihamishwa. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza kuwakusanya watu wa Kasulu na Kibondo katika vijiji vya maendeleo, mkoa wetu ukiwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa. Mwaka huohuo Warundi waliokimbia mauaji ya kwao walimiminika mipakani. Kabla ya hapo, kwa miongo kadhaa, nyanda zetu za juu zilikuwa ghala la nguvukazi: malori ya SILABU yalikuja kuchukua vijana wa Kiha kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alirudi na gitaa kavu, na zilipokatika nyuzi zake alifunga waya wa breki ya baiskeli. Gitaa lenye waya wa breki halibembelezi. Linalia kama chuma kinachosagwa, na naapa kwamba mara ya kwanza niliposikia gitaa la Sunburst nilimkumbuka yeye akiwa barazani katika kijiji kipya, akipiga nyimbo za manamba kwa sauti ambayo wataalamu wa leo wangeipa jina la kigeni.

Bendi yenyewe, kwa maana ya bendi, sisi wa milimani hatukuwa nayo. Kule ziwani walikuwa nayo: Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma mjini, alikoanzia Shem Karenga kabla ya kujiunga na Tabora Jazz. Kigoma ilikuwa na bandari, reli, na maji yaliyoleta Kongo mlangoni. Kasulu na Kibondo zilikuwa na baridi, maharage na barabara ya vumbi. Gitaa la umeme linahitaji umeme. Gridi ya Taifa ilitufikia katika miaka ya 2020 tu, na kabla ya hapo palikuwa na majenereta, au palikuwa na giza. Mwaka 2012 wasanii mashuhuri wenye asili ya mkoa wetu walipokusanyika kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa Leka Dutigite, kwa hamasa ya Zitto Kabwe, sote tulijivuna kama jina la wimbo lilivyotutaka. Nilicheza nao harusini kama mtu mwingine yeyote. Lakini ilikuwa fahari ya watu waliolazimika kuondoka ili wawe nyota.

Ajabu ni kwamba magitaa ya umeme yalitufikia hatimaye, na yalifika kwa miguu. Ukitoka Kasulu kuelekea Kibondo, unapita Makere, na kando ya Makere ndiyo kambi ya Nyarugusu. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2015 Warundi nao wakaongezwa. Ni makazi ya watu zaidi ya 100,000, na ukikaribia Jumapili asubuhi, kabla hujaona kitu, unasikia: solo, besi, kinanda, kwaya zinazojibizana kutoka kanisa hadi kanisa. Sidhani kama kuna mahali pengine katika mkoa wetu palipo na wapiga solo wengi hivyo kwa kilomita moja ya mraba.

Miaka michache iliyopita nikiwa huko na wanafunzi, kwa kibali, nilikutana na vijana watano waliokuwa na bendi. Sitawataja majina wala jina la bendi. Wanne walizaliwa ndani ya kambi. Mpiga solo alikuwa na miaka ishirini na tatu, na Kongo aliijua kwa hadithi za mama yake. Walijifunza kanisani, kwa sababu vyombo ni vya kanisa, na kanisa lina masharti yake. “Mwalimu,” aliniambia, “kwa kanisa tunapiga ya Mungu. Hii ingine ni ya kwetu.” Hiyo nyingine waliipigia nyuma ya nyumba, kwa spika iliyochomolewa kwenye redio mbovu, betri ya pikipiki na paneli ndogo ya sola. Spika ilikuwa imechanika, kwa hiyo kila noti ilitoka imekwaruzika. Walianza kwa sebene, kama mtu anayepiga hodi, kisha mpiga ngoma akaacha kabisa mwendo wa sebene, akagonga moja kwa moja, na solo akaikaza noti moja mpaka betri ikaanza kulalamika. Nikawauliza muziki huo wameusikia wapi. Wakacheka. Mmoja alikuwa ameona video kadhaa kwenye simu. Wengine wakasema ni ile spika.

Niliwachezea Sunburst kwenye simu yangu. Walisikiliza nyimbo mbili bila neno. Mpiga solo akauliza yule mpiga gitaa ni wa wapi. Nikamwambia ni mtu wa Zaire aliyepiga Dar es Salaam. Akauliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: “Alikuwa na kibali?”

Swali hilo si la mzaha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi kuishi katika eneo lililotengwa na inamzuia kutoka bila kibali. Kasulu mjini ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka pale walipokaa vijana wale. Ili bendi ya watu watano ipige mjini Jumamosi moja, vinahitajika vibali vitano, na sababu ya kuombea iwe nzito kuliko “tunakwenda kupiga muziki”. Kati ya 2018 na 2019 hata masoko ya pamoja, ambamo wenyeji na wakimbizi waliuziana mihogo na mafuta ya mawese, yalifungwa au kubanwa, na mahali pa mwisho ambapo kijana wa Makere angeweza kumsikia kijana wa Nyarugusu akipiga gitaa pakapungua. Kambi iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Haiko chini ya wizara yenye dhamana ya utamaduni. Basi macho yanayoutazama muziki ule, yakiutazama kabisa, ni macho ya usalama.

Najua jibu nitakalopewa, na ninaliheshimu, maana nimeliishi. Watu wa Kibondo na Kasulu wanakumbuka miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya utekaji barabarani. Wanakumbuka misitu iliyoisha kwa kuni. Mkoa wetu umebeba mzigo ambao mikoa mingine inausoma magazetini, na mtu wa Dar es Salaam anayetuhubiria ukarimu angekuja kwanza achote maji nasi. Lakini tuseme lililo kweli: waliotekwa barabarani hawakutekwa na wapiga solo. Na nchi hii si mgeni wa kufanya vingine. Warundi wale wa 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na uzao wao wakakubaliwa kuwa raia. Hatukuanguka.

Kinachonisumbua ni kidogo kuliko uraia, na kwa sababu hiyo hakina kisingizio. Sunburst, pamoja na vikwazo vyote vya wakati wake, iliwezekana. Mzaire na Watanzania walikutana katika mji mmoja, wakazoeana, wakagombana, wakakubaliana ni mdundo gani uitwe Kitoto. Ungewawekea watu hao sheria inayotawala leo baina ya Kasulu na Nyarugusu, Hembi Flory Kongo angepiga nyuma ya nyumba, na James Mpungo asingejua kama mtu huyo yupo. Tumekuwa hodari wa kulalamika kwamba Bongo Fleva inaiga Lagos na Johannesburg. Huku, kilomita chache kutoka barabara mpya ya lami, kuna vijana wanaotunga kwa Kiswahili muziki usiofanana na wa mtu, nasi tumewazungushia fomu.

Hapa ndipo ninapomhitaji yule mtumishi wa Redio Tanzania. Sidai sheria ibadilishwe kabla ya masika. Mkuu wa makazi anao uwezo wa kutoa kibali. Halmashauri ina Afisa Utamaduni, ina ukumbi, na sasa ina umeme. Shirika la Utangazaji lina urithi wa mikanda inayoonyesha kwamba liliwahi kurekodi watu bila kuwauliza wanatoka shirika gani. Siku moja ya kurekodi Makere ingegharimu chini ya posho za semina moja ya kuhamasisha utamaduni, na nimehudhuria semina hizo za kutosha kujua posho zake.

Huko Nduta, upande wa Kibondo, saa ni fupi zaidi. Kambi hiyo ilifunguliwa upya Oktoba 2015 kwa ajili ya Warundi, na Warundi walikuja na ngoma zao kubwa, zile zinazopigwa kwa mduara na kubebwa kichwani. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, imekwishafungwa tangu 2021, na wito wa kurudi nyumbani haujakoma. Wanaorudi kwa hiari wana haki ya kurudi, na wengine wanatamani. Lakini muziki uliotungwa hapa kwa miaka yote hiyo, kwa Kirundi na Kiswahili, juu ya udongo wa Muhambwe, unaondoka pamoja na turubai.

Bendi ya vijana wale watano ilidumu miaka minne. Mpiga ngoma alipata safari ya Marekani pamoja na wazazi wake, katika mpango uliowachukua maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu. Aliondoka Jumanne, na Jumapili iliyotangulia walipiga mpaka betri ikafa. Sasa anapiga katika kanisa moja huko, na huwatumia wenzake vipande vya sauti kwa simu. Mpiga besi alirudi Kivu kumtafuta kaka yake, na besi lake, lililokuwa la kuazima, likarudishwa kwa mwenyewe. Nyimbo tisa walizorekodi kwa simu ziko kwenye kadi moja ya kumbukumbu ambayo mpiga solo huifunga kwenye kipande cha nailoni dhidi ya mvua. Nakala ya pili ninayo mimi. Wamempata mpiga ngoma mpya, kijana wa Kirundi wa miaka kumi na sita aliyekuja akiwa mtoto mwaka 2015. Hajui Kilingala wala Kifaransa, na mwanzoni walielewana kwa kuhesabu vidole. Mpiga besi bado hawajapata.